Dolina MacCuish, Aliyefunga Shule ya Kwao

Ndugu zangu, kabla sijasema marehemu alizaliwa lini na wapi, naomba nianze na jambo ambalo nimelifikiria kwa miaka ishirini na sita bila kulipatia jibu, na ambalo nadhani wengi wenu mnalifikiria hata sasa mkiwa mmeshika vikombe vyenu vya chai. Siku ya Alhamisi, tarehe 11 Machi 1993, katika chumba cha mikutano cha halmashauri ya visiwa vyetu mjini Port Ranald, kura za kamati ya elimu zilifungana saba kwa saba juu ya swali kama shule ya msingi ya Skarrabost ifungwe au iachwe, ikabaki kwa mwenyekiti kutoa kura ya kuamua, kura ambayo kwa desturi ya halmashauri huenda upande wa kuacha mambo yalivyo. Mwenyekiti aliinua mkono shule ifungwe. Mwenyekiti huyo alikuwa Dolina MacCuish, mzaliwa wa Skarrabost, aliyesoma Skarrabost, na ambaye Jumamosi iliyotangulia alisimama katika chumba hikihiki tulichokaa, ambacho wakati huo kilikuwa darasa, akawaambia wazazi, "Mimi nikiwa kwenye kile kiti, hakuna wa kuigusa shule hii." Kwa nini aligeuka, sijui. Nilimuuliza mara mbili, na mara zote mbili alinikatia keki.

Mimi ni Torcuil, mtoto wa mdogo wake Niall, marehemu alikuwa shangazi yangu, na familia imenituma nisome kwa sababu Marsaili, binti yake wa pekee, amesema sauti haitamtoka. Mnajua kwamba kanisani kwetu habari za marehemu hazisomwi, pale husomwa Neno peke yake, kwa hiyo mchungaji ametukubalia tuzisome hapa ukumbini baada ya maziko, na nakala itapelekwa kwa jamaa zetu walioko Kanada na New Zealand, ndiyo maana mtanisikia nikieleza hata yale mliyoyaona kwa macho yenu asubuhi hii. Makoti yaliyolowa mnaweza kuyatundika nyuma karibu na jiko.

Dolina alizaliwa tarehe 4 Februari 1941 hapa Skarrabost, katika kisiwa cha Hamarsay, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Aonghas MacCuish, mfumaji wa vitambaa vya sufu, na marehemu mama Oighrig, ambaye ujanani mwake alifuata msimu wa samaki hadi bandari za kusini, akiwatumbua na kuwatia chumvi kwenye mapipa. Babu yake aliitwa Dòmhnall, na kwa kuwa aliyekuja hakuwa mvulana, jina la babu likaongezewa mkia likawa la msichana, Dolina, kama walivyopata majina yao nusu ya wanawake waliomo humu ndani. Nyumba ya Aonghas ilijulikana kwa jambo moja, kwamba mgeni alipakuliwa kwanza, jirani akafuata, na watoto wa nyumba hiyo wakala kilichobaki, na baba yangu alizoea kusema kwamba yeye na dada yake hawakuwahi kuliona paja la kuku mpaka walipokwenda kusoma mjini.

Agosti 1946 alianza darasa la kwanza katika jengo hili, akakaa dawati moja na Murdina Paterson, wa nyumba ya tatu kutoka kwao, na wawili hao hawakutenganishwa mpaka mwaka 1953, Dolina alipofaulu kwenda sekondari ya Port Ranald na kuishi bwenini, akirudi Krismasi, Pasaka na wakati wa kuvuna majani ya mifugo. Mwaka 1959 alikwenda Glasgow kusomea uuguzi, akafuzu mwaka 1962, akaongeza ukunga, na mwezi wa Aprili 1964 akarudi Hamarsay akiwa nesi wa kisiwa kizima, akizunguka kwa pikipiki aliyoachiwa na nesi aliyemtangulia, pikipiki ambayo ilikuwa na breki upande mmoja tu. Watoto wa Hamarsay waliozaliwa kati ya mwaka huo na mwaka 1974 mikono yake ndiyo iliyowapokea, na mpaka anakufa, akiwa ameshakuwa diwani, mwenyekiti na mbunge, hapa nyumbani hakuna aliyemwita kwa cheo kingine ila Nesi.

Tarehe 17 Julai 1965 alifunga ndoa na Lachlann Gillies, fundi wa mitambo kwenye feri, mtu mpole aliyependa kusema kwamba alioa nesi akaamka na mwanasiasa, na kwamba kama angeambiwa mapema angeomba angalau apunguziwe mahari, jambo ambalo huku kwetu halipo, ndiyo maana alilisema. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Marsaili, aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 1968, ambaye naye amewaletea wajukuu wawili, Catrìona na Ùisdean.

Mwaka 1974 zilipoundwa halmashauri mpya za visiwa, wazo la Dolina kugombea halikuwa lake, lilikuwa la Murdina. Murdina ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba, na hotuba yake ya kampeni, ambayo wazee bado wanaikumbuka, ilikuwa fupi: "Huyu ameshatuona sote tukiwa uchi, hakuna cha kumficha tena, mpeni kura." Walimpa. Tarehe 7 Mei 1974 Dolina alichaguliwa diwani, mwanamke wa kwanza, akiwa mgombea binafsi kama walivyo madiwani wetu wengi, akaingia katika jengo ambalo lilikuwa na sahani ya majivu ya sigara kwa kila kiti na halikuwa na choo cha wanawake. Hakulalamika. Kila alipobanwa na haja alisimama katikati ya kikao akasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba shughuli zisimame, naenda posta," na kwa kuwa kanuni zilitaka akidi itimie, wanaume wote walikaa wakingoja mpaka avuke barabara, aingie posta, na arudi. Mzee mmoja wa upande wa mashariki alimwambia siku moja, "Nesi, una barua nyingi wewe!" naye akajibu, "Leo ilikuwa kifurushi, mheshimiwa." Kabla mwaka haujaisha choo kilijengwa, na alipenda kusema hiyo ndiyo hoja yake pekee iliyowahi kupita bila kupingwa.

Katika miaka iliyofuata alipigania maji ya bomba yafike vijiji vya mashariki, feri iende mara mbili kwa siku, na wazee wasiokuwa na mtu wapate makao hapahapa kisiwani badala ya kupelekwa bara kufia kati ya watu wasiojua Kigaeli. Mwaka 1981 barabara ya lami ilipojengwa, mhandisi alianzia Skarrabost kwa sababu ndiko mawe yaliko, lakini watu hawakuuliza habari za mawe. Gatini, feri ilipokuwa ikishusha kondoo, wanaume wa mashariki walimzomea, "Nesi, kwenu supu ina nyama, kwetu mnatuletea maji ya kuoshea sufuria!" na neno likaenea, kwamba Nesi anajipakulia, na hata sisi watu wake tulilichukua tukawa tunalisema kwa kicheko, "Nesi, tupakulie na sisi," kila alipopita na pikipiki. Ulikuwa utani tu. Baba yangu alisema kwamba yeye peke yake ndiye aliyeona dada yake hacheki, na kwamba binti wa Aonghas MacCuish angeweza kuvumilia kuitwa jina lolote isipokuwa hilo.

Mwaka 1990 alichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya elimu, na mwaka 1993 serikali ilipobana fungu, kamati ikaambiwa kwamba kati ya shule mbili ndogo, ya Skarrabost na ya Sannaig huko mashariki, itabaki moja. Yetu ilikuwa na watoto wengi kuliko yao, lakini watoto wa Sannaig, kama shule yao ingefungwa, wangelazimika kuvuka mlangobahari kwa mashua majira yote ya baridi, na wetu wangepanda basi. Hayo ndiyo yaliyokuwa mezani siku ile ya Alhamisi, na matokeo yake nimeshayasema.

Sababu zilizotolewa tangu siku hiyo ni nyingi kuliko watu waliokuwepo. Wapo wanaosema aliiona mashua ya watoto kwenye mawimbi akashindwa. Wapo wanaosema aliogopa kuambiwa tena anajipakulia, na kwamba aliyemfunga mkono hakuwa mtu wa mashariki bali sisi na utani wetu. Wapo waliosema alibadilishana kura ile na makao ya wazee, kwa sababu makao hayo yalipitishwa mwaka uliofuata, na wapo waliosema ilikuwa rahisi kwake kwa kuwa Marsaili alikuwa mtu mzima yuko Glasgow, "wa kwake ameshavuka, anavuta ngazi," na hao nadhani wanajuta. Wiki hii nilimuuliza Murdina anavyodhani yeye, akaniambia, "Usiniulize mimi, mwanangu, mimi nilikuwa nimenuna." Kila sababu nikiipima naona inatosha, na nikizipima zote pamoja naona hazitoshi, kwa hiyo naiacha hapo.

Yaliyofuata tunayajua zaidi, kwa sababu tuliyafanya sisi. Hakuna aliyemtukana Dolina, hakuna aliyevunja dirisha, mayai na viazi viliendelea kupelekwa kwake kama kwa jirani yeyote. Ila tulianza kubisha hodi. Ninyi mliokulia ng'ambo huenda mkasema hiyo ni adabu, na katika nchi nyingi ni adabu kweli, lakini hapa kwetu mtu husukuma mlango akaingia, akaketi karibu na moto, akasema alichojia au asiseme kitu, na wanaobisha hodi ni polisi, muuza mazulia na mtu wa kodi. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 15 Machi, Lachlann alisikia mlango ukigongwa, akapaza sauti kutoka mezani, "Nani?" akajibiwa, "Mimi." "Wewe nani? Umevunjika mikono? Sukuma!" Mlango haukusukumwa, mpaka alipoinuka mwenyewe akafungua, akamkuta jirani waliyezoeana naye miaka yote amesimama mvuani na bakuli la mayai, anatazama viatu vyake. Tangu siku hiyo kijiji kizima kikawa hivyo. Nasi tuliokuwa vijana tukafuata, na hatukuona kwamba tunafanya ubaya, tuliona tuna heshima.

Murdina hakubisha hodi. Hakwenda kabisa.

Dolina hakuomba msamaha kwa maneno, au kama aliomba hakuna aliyemsikia. Lakini kuanzia Agosti mwaka huo, watoto walipoanza kupanda basi la Port Ranald, alikuwa akitoka asubuhi giza halijaisha, anasimama nao kituoni, mvua iwe au isiwe, anafunga vifungo vya makoti, anawashikia mikoba, huku mama zao wamesimama upande wa pili wa barabara wakizungumza wao kwa wao. Basi likiondoka alirudi nyumbani. Alifanya hivyo kila siku ya shule aliyokuwa kisiwani, miaka na miaka, watoto wakipungua, familia ya Ailean ikihamia mjini, na ya mwalimu, na ya fundi seremala, mpaka mwishoni alikuwa akisimama pale na watoto wawili, kisha na mmoja, kisha dereva akaacha kufika. Shule ya Sannaig nayo, iliyobaki kwa kura yake, ilifungwa mwaka 2009 bila kura ya mtu, kwa kuwa watoto walikwisha. Sisemi hivyo ili kumtetea, wala sijui kama inamtetea.

Mwaka 1994 hakugombea tena udiwani. Lakini Bunge la Uskoti liliporudishwa, visiwa vilimtaka, na tarehe 6 Mei 1999 alichaguliwa mbunge, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, akakaa Edinburgh vipindi viwili mpaka mwaka 2007, akirudi nyumbani kila Ijumaa hali ya bahari iliporuhusu. Alisimamia haki ya vijiji kununua ardhi vinayoilima, na wapangaji wa Hamarsay mnaolala leo kwenye ardhi yenu mnajua nani aliandika barua zenu. Wenzake watamkumbuka zaidi kwa siku aliyosimama kuomba shule za vijijini zisifungwe kwa kura moja ya mtu mmoja, na mbunge wa upande wa pili akarukia, "Mheshimiwa Spika, huyu mama anatulilia shule, na ya kwao aliifunga kwa mkono wake mwenyewe!" Bunge likacheka. Akangoja wamalize, akasema, "Ndiyo. Kwa hiyo humu ndani mimi ndiye ninayejua mkono huwa mzito kiasi gani baadaye. Naomba niendelee." Hoja ilishindwa. Yule aliyemzomea amefika leo kwa feri ya asubuhi, amekaa karibu na dirisha, na familia inamshukuru, na skonzi zipo, mheshimiwa, karibu ujipakulie.

Tarehe 20 Novemba 2004 Lachlann alifariki ghafla akiwa bustanini. Wanaume wa Skarrabost walimbeba mabegani kutoka mlangoni kwake mpaka makaburini kwetu kule mchangani, wakipokezana katika mistari miwili kama tunavyofanya siku zote, na Dolina, kama walivyofanya wanawake wa hapa siku zote, alibaki mlangoni akitazama mpaka walipozama nyuma ya kilima. Baba yangu alipomrudia aliambiwa maneno ambayo aliyaweka moyoni na akanipa mimi kabla hajafa: "Yeye wamembeba, Niall. Mimi hawatanibeba. Watakodi gari." Hakuyasema kwa hasira. Tangu siku hiyo, katika mambo yote ambayo mtu mwenye umri wake angeweza kuyahofia, ugonjwa, upweke, kusahauliwa, yeye alihofia hilo moja, kwamba Skarrabost itamwacha azikwe na watu wa mbali.

Mwaka 2014 madaktari walimkuta na ugonjwa wa Parkinson. Mikono iliyowapokea watoto ilianza kutetemeka, ikawa haiwezi kushika kijiko, na Marsaili akahama Glasgow kuja kumtunza. Ndipo siku moja ya Januari 2017, alasiri, mlango ukasukumwa bila hodi, akaingia Murdina Paterson na mkate chini ya kwapa, akaketi kwenye kiti cha Lachlann. Marsaili alikuwepo, na haya ameniruhusu niyasome. Mama yake alimtazama mgeni, akasema, "Umechelewa." Murdina akajibu, "Nilikuwa nakanda unga." Dolina akasema, "Miaka ishirini na minne?" Murdina akasema, "Unga ulikuwa mkavu," na wote wawili wakacheka mpaka Marsaili akaogopa mama yake atapaliwa. Nilimuuliza Murdina kama waliwahi kuzungumza habari za shule katika siku hizo zote alizokwenda kumlisha. Akasema hapana, walizungumza habari za magoti.

Dolina hakuwa mtu wa kujidanganya, alijua Murdina ni mmoja na kijiji ni kijiji. Wengine wetu tuliendelea kubisha, kwanza kwa kinyongo, kisha kwa mazoea, na mwisho kwa aibu ya kuacha, maana anayeacha kubisha lazima akubali kwamba alikuwa akibisha. Nadhani hilo ndilo lililotuweka nje ya mlango ule muda mrefu kuliko kura yenyewe.

Siku ya Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2019, saa nane mchana, homa ya mapafu ilimchukua akiwa kitandani mwake, Marsaili amemshika mkono mmoja na Murdina amemshika wa pili. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya Port Ranald, hasa nesi aliyekuja mara tatu katika wiki ya mwisho, wahudumu waliokuja nyumbani asubuhi na jioni, wabunge na madiwani aliofanya nao kazi wa pande zote, mabaharia wa feri waliokubali kusafiri leo wakati wangeweza kukataa, na majirani kwa peati ya kuwashia moto mliyotuletea, mikate, samaki na viti. Inawashukuru pia wanaume wa Sannaig, ambao hakuna aliyewaita, walivuka kwa mashua zao alfajiri wakasimama kando ya njia wamevua kofia, wakasema wako tayari kama watahitajika.

Sasa niwaambie jamaa zetu wa mbali kwa nini hawakuhitajika.

Juzi, Jumatatu alasiri, wanakijiji walikutana nyumbani kwa marehemu kupanga safari ya makaburini. Njia ya kwetu mnaikumbuka, inapita kwenye matope ya kilimani kisha kwenye mchanga, gari haliingii, mtu hubebwa. Iomhar Beaton, mzee wa kanisa ambaye ndiye hupanga wabebaji na kutoa amri ya kupokezana, aliwataja wanaume wa Skarrabost mmoja mmoja, akaacha wenye ugonjwa wa moyo, akaacha waliovunjika nyonga, akafika mwisho mapema, na waliobaki hawakutosha hata mstari mmoja. Mtu akasema wapigiwe simu wanaume wa Port Ranald. Marsaili akainamisha kichwa. Mwingine akasema trekta la Seumas linaweza kupita ufukweni, na Seumas mwenyewe, ambaye ni mtoto aliyepokelewa na Dolina, akasema, "Nesi nimpakie kama gunia la viazi? Niacheni jamani." Ndipo Iomhar, bila kumkusudia mtu, akasema, "Vijana wangekuwepo kama..." na hakuimaliza.

"Kama nini, Iomhar?" Murdina alimwuliza. "Malizia. Kama shule ingekuwepo? Wa kwako watatu walikuwa wameshamaliza shule alipoifunga, na wameondoka vilevile. Wa kwangu pia."

"Sikusema kitu, Murdina."

"Hujasema kitu miaka ishirini na sita, na mimi vilevile, na huyu mwanamke amekufa akijua tutamwachia wageni. Sasa mnataka kumkodishia mabega. Mabega yapo humu ndani."

"Yako wapi?"

"Jikoni. Yanaosha vikombe."

Iomhar akasema hapa kwetu wanawake hawajawahi kwenda makaburini, sembuse kubeba. Hakulisema kwa ukali, alilisema kama mtu anayesoma saa. Kisha akamtazama mchungaji, na mchungaji, ambaye ni mtu mwangalifu sana, akasema kwamba ameyasoma Maandiko kwa miaka thelathini na hajakutana na mahali palipotaja bega la namna gani. Iomhar alikaa na jambo hilo mpaka chai yake ikapoa. Huenda aliona kwamba kosa moja kwa mtu mmoja latosha, huenda alichoka tu kuhesabu wanaume, simsemei. Akasimama, akaenda mwenyewe mpaka mlango wa jikoni, akasema, "Wanawake wa Skarrabost, nani ataanza?"

Ikaamuliwa kwamba marehemu atabebwa na Skarrabost peke yake, kila mwenye bega, na kwamba amri ya kupokezana itabaki kwa Iomhar.

Asubuhi hii ikatekelezwa hivyo. Jeneza lilitolewa mlangoni kwake likawekwa mabegani, mbele Marsaili binti yake na Murdina Paterson, nyuma yao Beathag na Ciorstaidh wa nyumba za juu, kisha Raonaid, kisha dada wawili wa Seumas na Seumas mwenyewe, wanawake na wanaume wamechanganyika katika mistari miwili, wengine ni watoto wa basi lile waliorudi jana kutoka bara bila kuambiwa na mtu, na Iomhar akitembea kando, akiwaita mbele na kuwarudisha nyuma kwa sauti ileile aliyomzikia Lachlann. Mara ya kwanza alipomwambia Murdina atoke apumzike, alijibiwa, "Nikichoka nitasema." Mara ya pili hakumwambia tena. Wanaume wa Sannaig walivaa kofia zao wakafuata nyuma. Kwenye mchanga upepo ulikuwa mkali na hakuna aliyeteleza, na kaburini kamba nane zilishikwa na watu wanane wa Skarrabost, watano kati yao wanawake, wakamshusha taratibu mpaka chini, na Murdina ndiye aliyekuwa wa mwisho kuiachia yake.

Dolina, shangazi yangu, tumekubeba wenyewe, tumechelewa. Pumzika sasa.